Mafuta Gani?

Nilipokuwa mwaka wa pili hapa kitivoni nilifanya tafsiri moja ambayo haikusahihishwa na mwalimu yeyote. Ilikuwa ya kurasa sita, haikuwa na alama, na msomaji wake alikuwa mmoja tu: kaka yangu mkubwa, fundi wa magari Nyunzu. Kwetu ndugu mkubwa, awe wa kiume au wa kike, tunamwita yaya, nami nitamwita hivyo hapa. Sentensi za tafsiri ile zilikuwa safi. Nimezirudia mara nyingi tangu wakati ule nikitafuta kosa la sarufi, sijaliona. Hata hivyo tafsiri hiyo iliua injini ya gari la watu, na yaya alilipa deni lake kwa mwaka mzima na zaidi.

Ninaandika habari hii kwa sababu kosa lilikaa katika neno ambalo hakuna hata mmoja wetu angefungua kamusi kulitafuta.

Nyunzu iko magharibi ya Kalemie, katika jimbo la Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Reli iliyofika ziwani mwaka 1915, wakati Kalemie ikiitwa Albertville, inapita kwetu ikitoka Kabalo, lakini treni haiji kila mtu anapoihitaji. Kwa hiyo mahindi, mihogo na mawese husafiri kwa barabara, na barabara yenyewe ni ya udongo. Gari linaloiweza ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, hasa yenye injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita, haina kompyuta, haina turbo. Mafundi wa kwetu wanaipenda kwa kuwa inavumilia mengi na inafunguka kwa funguo za kawaida. Lawama yao ni moja. Ukiipakia mapipa ya mawese na abiria juu yake, mlimani inachoka.

Mfanyabiashara mmoja mwenye gari la namna hiyo alitaka lisichoke. Alinunua turbo iliyotumika, ikavuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma, akampa yaya aifunge. Turbo ni pampu ya hewa inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda kuliko ambayo injini ingevuta yenyewe. Yaya aliifunga vizuri na gari likapata pumzi. Lakini mwenye gari alikuwa amesikia kwamba huko ng'ambo, mtu akishaongeza hewa, anabadilisha na injekta aweke kubwa zaidi, ndipo nguvu inakuja kweli. Akapata kurasa sita za Kiingereza kuhusu jambo hilo. Yaya akazipiga picha na simu, akanitumia.

“Weye njo ulisoma Kizungu,” alisema. “Unisomee hii, uniandikie kwa Kiswahili. Nitafanya vile itasema.”

Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza mtu wa nyumbani alihitaji kitu nilichokuwa nikijifunza huku upande wa pili wa ziwa.

Kurasa zile zilieleza namna ya kuchagua injekta kubwa kwa magari ya nguvu nyingi yaliyofungwa supachaja. Supachaja ni ndugu wa turbo. Kazi yake ni ileile ya kusukuma hewa, ila inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Sikuwa nimewahi kuona gari la aina hiyo. Nilikaa nazo usiku tatu, na nitasema kwa ufupi zilichofundisha, kwa sababu ni elimu nzuri, na kwa sababu uzuri wake ndio ulionidanganya.

Injini, zilisema, haipewi nguvu na hewa peke yake. Kila kipimo cha hewa kinadai kipimo chake cha mafuta. Injini isiyosukumiwa hewa hutumia takribani gramu 230 za mafuta kwa kila nguvu-farasi moja kwa saa. Yenye supachaja hutumia kama 270 au zaidi, maana sehemu ya nguvu inaliwa na mkanda unaoizungusha supachaja, na kwa kuwa mafuta huongezwa kidogo kupita kiasi kwa ajili ya usalama. Basi mtu anayetaka nguvu-farasi 500 anahitaji kilo 135 za mafuta kwa saa. Akiwa na injekta nane, kila moja itapitisha karibu kilo 17. Lakini injekta isilazimishwe kukaa wazi muda wote. Iachiwe nafasi, ifanye kazi asilimia 80 tu ya muda wake. Kwa hiyo inatakiwa iwe na uwezo wa kilo 21 kwa saa, ambayo ni karibu mililita 480 kwa dakika.

Kisha zilitaja shinikizo. Ukitaka injekta ileile itoe mafuta mara mbili, hutaongeza shinikizo mara mbili bali mara nne. Tena hewa ya supachaja inasukuma nyuma: injekta yenye shinikizo la bar 3, ikipambana na bar 1 ya hewa ndani ya bomba, inabaki na bar 2 za kufanyia kazi, na utoaji wake unashuka kwa karibu asilimia 18 pale hasa injini inapohitaji mafuta zaidi. Na injekta kubwa mno nayo ni tatizo, kwa sababu gari linaponguruma bila kwenda, inatakiwa ifunguke kwa muda mfupi sana kiasi kwamba haiwezi kupima sawasawa.

Neno lililonihangaisha lilikuwa “kubwa”. Nilimpigia yaya nikamwambia wanazungumzia injekta kubwa. Akauliza papo hapo: “Kubwa ya nini? Ya mwili ao ya tundu?” Nikarudi kwenye matini chanzi. Nikaona kwamba si mwili, na wala si tundu kwa kulitazama kwa jicho; ni kiasi kinachopita kwa dakika moja katika shinikizo lililotajwa. Nikaandika “injekta inayotoa mafuta mengi zaidi kwa dakika” kila mahali, ingawa ilikuwa ndefu. Nilijivunia hilo. Muhula ule tulikuwa tumesoma habari za Nida na kitabu chake cha mwaka 1964, na ulinganifu anaoudai kati ya athari kwa msomaji wa kwanza na athari kwa msomaji wa pili. Nilijiona nimemsikiliza.

Kwa moyo huohuo nilimlinda msomaji wangu na maneno asiyoyazoea. Kwenye ukurasa wa nne kulikuwa na onyo fupi kuhusu plagi, vile vifaa vinavyotoa cheche kwenye silinda. Yaya hasemi plagi. Mafundi wa kwetu, waliopokea maneno ya ufundi kutoka Kifaransa, wanasema buji. Nikaandika buji.

Na neno la Kiingereza “fuel”, lililorudi karibu kila mstari, niliandika mafuta. Sikusita hata mara moja. Ningeandika nini kingine?

Yaya alisoma, akauliza maswali mawili, akaanza kazi. Alipata Kalemie nozeli zilizotoka kwenye injini kubwa zaidi, akazifunga, akafungua skrubu ya pampu ili pampu nayo itoe zaidi. Sentensi moja ya kurasa zile aliinakili kwa mkono kwenye daftari lake: ukiongeza hewa, ongeza mafuta, na ukiwa na shaka ongeza kidogo kupita hesabu, kwa sababu mafuta ya ziada hupoza silinda. Wiki hiyo alinipigia akicheka. “Moshi iko mweusi sana, lakini gari iko na nguvu. Inapanda sawa inashuka.”

Wiki mbili baadaye gari lilisimama mlimani, ng'ambo ya Niemba, likielekea Kalemie. Lilikuwa na mapipa ya mawese na abiria kumi na mmoja. Dereva aliona sindano ya joto imepanda, kisha akasikia mgongo, kisha mvuke. Walilala hapo usiku mbili. Miongoni mwa abiria alikuwamo mama mmoja anayempeleka mtoto wake hospitali Kalemie. Dereva alimtafutia pikipiki asubuhi, wakaendelea. Mtoto alifika, akatibiwa, akapona. Hilo mimi nilikuja kuambiwa siku ya nne. Siku tatu za kwanza nilijua tu kwamba kulikuwa na mtoto.

Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imeyeyuka ukingoni kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji, na silinda hedi ilikuwa na ufa. Yaya alinipigia. Hakupaza sauti. Aliuliza swali moja.

“Yale makaratasi, ilikuwa ya mazutu ao ya esansi?”

Wenzangu wa upande huu mnasema dizeli na petroli. Kwetu ni mazutu na esansi. Nami sikujua jibu.

Nilifungua picha zile tena na kuzisoma usiku ule, safari hii si kama mfasiri bali kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Hakuna mahali palipoandikwa kwa uwazi. Mwandishi alikuwa akiwaandikia watu ambao magari yao ya kasi yote ni ya petroli. Kulitaja jambo hilo kungekuwa kama mama wa Nyunzu kueleza kwamba ugali unapikwa kwa moto. Alama pekee ilikuwa kwenye ukurasa wa nne: plagi za cheche. Injini ya dizeli haina cheche. Inaigandamiza hewa mpaka inakuwa ya moto sana, ndipo mafuta yanamwagwa ndani na kuwaka yenyewe. Fundi yeyote akikutana na plagi ya cheche anajua papo hapo yuko kwenye nyumba gani. Lakini 1HZ ina vijiti vya kupasha moto silinda asubuhi, na vijiti hivyo, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha gereji zetu, navyo vinaitwa buji. Kwa kumchagulia yaya neno la nyumbani nilikuwa nimeufunga mlango wa mwisho ambao ungemwonyesha kwamba hayuko kwake.

Na tofauti ya nyumba hizo mbili ndiyo hii. Katika injini ya petroli iliyosukumiwa hewa, hatari ni mafuta kuwa machache. Mchanganyiko unawaka vibaya, joto linapanda, pistoni inatoboka. Mafuta yakizidi kidogo, yale ya ziada yananyonya joto yanapogeuka mvuke, na injini inapona. Ndiyo maana kurasa zile zilisema ukiwa na shaka, ongeza. Katika injini ya dizeli mambo yamegeuka. Kwa kawaida hewa ndani ya silinda inazidi mahitaji, na nguvu inapangwa kwa kiasi cha mafuta tu. Kila tone unaloongeza ni joto. Ukiongeza mpaka hewa ikaisha, unaona moshi mweusi, na moshi huo ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuwakia. Huko, mwenye shaka anapunguza.

Hata hesabu za mililita 480 hazikuwa na maana kwake. Injekta ya petroli inafunguliwa kwa umeme, na kompyuta inahesabu muda. Ukubwa wa injekta na muda wake ndivyo vinavyopima. Katika 1HZ anayepima ni pampu. Injekta inafungua mlango pampu inapoisukuma, na kazi yake kubwa ni kuyatawanya mafuta yawe kama ukungu. Nozeli isiyolingana inaharibu ukungu huo.

Kwa hiyo maneno yangu yote yalikuwa na visawe vyake. “Fuel” ni mafuta. Hakuna mwalimu angeweka mstari mwekundu. Hata mwandishi wa Kiingereza hakusema uongo. Neno lake na neno langu yote mawili ni mapana, na kila mmoja wetu alisimama ndani ya neno hilo akiona sehemu yake tu. Yeye aliona petroli. Yaya aliona mazutu. Mimi, niliyekuwa katikati yao, sikuona kitu. Niliona neno. Na kwenye gari lilelile, juu, nyuma ya dereva, kulikuwa na mapipa ya mafuta ya aina ya tatu, ya kupikia, nayo watu wa Nyunzu wanayaita mafuta tu, kwa sababu sokoni hakuna anayedhani umeagiza mazutu.

Nimefikiri sana kuhusu swali la “kubwa”. Neno lile lilinishtua kwa sababu yaya aliuliza. Lingenipita kama lile lingine kama asingeuliza. Nilipojirudi niligundua kwamba mashaka yangu yote katika kurasa zile yalikuwa kwenye maneno magumu: supachaja, shinikizo, asilimia ya muda wa kufunguka. Hayo niliyatafutia msaada, nikamwuliza mpaka mwanafunzi wa hisabati chumba cha jirani. Maneno rahisi niliyaacha yapite kama wenyeji kwenye kizuizi cha barabarani, bila kuombwa vitambulisho.

Likizo iliyofuata nilirudi Nyunzu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha njia nzima kutoka Kalemie, lakini yaya hakunipa nafasi ya kuyasema kama nilivyoyapanga. Alinipeleka kwenye kibanda chake, akanionyesha ile pistoni. Alikuwa ameitundika ukutani kwa waya. Tulikaa chini yake.

Nikamwambia kosa lilikuwa langu. Akatikisa kichwa.

“Ile moshi niliiona,” alisema. “Miaka kumi na mbili ninafanya mazutu. Moshi mweusi ni joto, mutoto wa gereji anajua. Nilijua. Lakini karatasi ilisema ongeza.”

Hapo ndipo niliona aibu kuliko siku ya simu. Yaya alikuwa na ujuzi wa kutosha wa kuikataa sentensi yangu, akauweka kando kwa kuwa sentensi ilikuwa imeandikwa, tena na mdogo wake aliyeko chuo kikuu. Sisi tunaosoma lugha tunazungumza sana kuhusu uaminifu wa mfasiri kwa mwandishi. Sikumbuki kama tumewahi kuzungumza, darasani au nje, kuhusu uzito ambao karatasi inao mkononi mwa mtu ambaye hakusoma sana, na jinsi inavyoweza kumnyamazisha mtu anayejua. Laiti ningeweka mstari mmoja juu ya ukurasa wa kwanza: “Yaya, sijui injini, pale ambapo karatasi inapingana na macho yako amini macho, kisha unipigie.” Mstari huo haukuwamo kwenye matini chanzi. Nida asingenilaumu kwa kuuongeza, nadhani. Na kama angenilaumu, basi.

Deni waligawana. Mwenye gari alilipa nusu ya silinda hedi na pistoni, akikubali kwamba kurasa zile alizileta yeye. Nusu ya yaya ililipwa kidogo kidogo, kwa kazi. Mimi nilituma nilichoweza kutoka kwenye posho yangu, si nyingi. Turbo bado imefungwa. Yaya amerudisha nozeli za zamani na kuikaza pampu mpaka moshi unaonekana kidogo tu mlimani, na ameweka kipimo cha joto kwenye bomba la moshi, kwa maana hilo ndilo joto linaloyeyusha pistoni kabla sindano ya maji haijajua lolote. Gari linapanda polepole kuliko wiki zile mbili, na haraka kuliko zamani.

Likizo ileile tulianza daftari pamoja. Upande wa kushoto kuna neno la gerejini kwake, katikati neno la upande huu wa ziwa, na kulia, badala ya maana, tumeandika swali ambalo neno hilo linapaswa kuulizwa kabla ya kutumika. Mbele ya buji kuna “ya cheche ao ya kupasha?” Mbele ya mafuta kuna maswali matatu. Tuna maneno themanini na kitu sasa, na yaya ndiye anayeongoza, kwa kuwa maswali yake ni mazuri kuliko yangu.

Mwezi uliopita amenitumia picha nyingine, karatasi mbili za Kichina na Kiingereza kuhusu pampu ya maji ya kumwagilia. Sijaandika neno lolote bado. Nimempigia kwanza, akatembea nayo simu mpaka ilipo pampu yenyewe, akainama, akanisomea kilichochapwa kwenye bamba lake, herufi moja moja.